Jinsi ya kuandika hadithi ya zimwi ya kumtisha mtoto na kumchekesha kwa wakati mmoja

Kwa miaka kadhaa sasa nawasimulia na kuwaandikia watoto hadithi za kutisha, wa nyumbani kwetu na wa majirani, na kuna kitu nataka nikiseme mapema kabla hujashika kalamu: hofu na kicheko vipikwe chungu kimoja. Wengi wanaandika ukurasa wa kutisha alafu wanabandika ukurasa wa vichekesho, mara shangazi kaangukia ndoo, mara mbuzi katafuna kitenge, kisha wanarudi kwenye zimwi lao. Mtoto anajua kabisa kwamba hapa nachekeshwa ili nisahau, na hasahau. Kile kile kinachomtisha ndo kinatakiwa kimchekeshe, mpaka acheke huku kajivuta shuka hadi puani.

Nitaeleza navyofanya mimi, na mfano wangu ni hadithi ninayoiandika sasa hivi, ya mtoto wa kike anaitwa Zuhura, miaka kumi, yuko Tanga kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani, anaishi na mama yake na mdogo wake Kassimu wa miaka sita.

Anza na zimwi, mtoto shujaa atakuja mwenyewe. Na zimwi usiliazime mbali. Usiende kutafuta mtu mwenye meno marefu anayeogopa vitunguu saumu wakati wewe umekua unaambiwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hebu isome hiyo methali taratibu kama mtoto anayeisikia mara ya kwanza, maana sisi tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Inasema zimwi linalokujua litakula tu, ila halitakumaliza. Sasa litabakisha nini? Mguu? Sauti? Mtoto wa miaka minane ukimwambia hivo anauliza palepale, na hilo swali lake ndo kitabu chako. Mimi hadithi yangu yote imetoka humo: kuna zimwi limekuja kupanga chumba, na kwa kuwa linawajua watu wa nyumba ile haliwezi kummaliza mtu, linamla nusu.

Alafu zimwi lipewe sheria. Hapa usiwe na haraka, kaa nazo hata wiki, maana zimwi lisilo na sheria linafanya chochote na mtoto anachoka, hana cha kuwaza wala cha kutegea. Sheria moja ya kula na moja ya kuingia zinatosha. Ya kula tumeshaiona. Ya kuingia mimi nimechukua hodi. Sote tumefundishwa unapiga hodi mara tatu na usipojibiwa unaondoka, bas zimwi langu nalo lina adabu hiyo hiyo, linapiga hodi mara tatu mlangoni kwa watoto usiku na kukiwa kimya linarudi zake. Shida ni Kassimu. Kassimu kalelewa vizuri, akisikia hodi anajibu karibu, hata akiwa usingizini. Kwahiyo kila usiku Zuhura analala mkono wake ukiwa juu ya mdomo wa mdogo wake, na hapo umepata vyote viwili bila kubandika kitu, mtoto anayesikiliza anacheka maana anamjua Kassimu wa kwao, na anaogopa maana ile hodi ya tatu bado haijapigwa.

Ukiziangalia hizo sheria mbili utaona zimetoka kwenye vitu ambavyo mtoto kafundishwa ndani ya nyumba. Adabu ni hazina kubwa sana ya hadithi za namna hii. Mtoto wa kwetu anafundishwa kuamkia, kukaribisha, kutomkatiza mkubwa, kupokea kwa mkono wa kulia, na anazifuata hata pale roho inapomwambia kimbia. Mweke mtoto njia panda, adabu huku na uhai huku, utaona anavyojikunyata.

Umbo la zimwi nalo lipo tayari. Kwenye ngano nyingi za Afrika Mashariki zimwi huja kama kijana mzuri asiye na dosari, anaoa msichana aliyekataa wachumba wote, na baadaye inagundulika ana kinywa cha pili kisogoni, kimefunikwa na nywele. Hicho kinywa cha pili ni zawadi. Mimi nimempa mpangaji wangu kofia asiyoivua, shati lililopigwa pasi, manukato, na vinywa viwili visivyokubaliana: cha mbele kina adabu, cha nyuma kina njaa na kinasema ukweli.

"Shikamoo anko," alisema Kassimu.

"Marahaba mwanangu," kikajibu kinywa cha mbele. "Hujambo? Umeshakula?"

"Ndiyo, nimeshakula."

"Mi bado," ikasikika sauti kutoka ndani ya kofia.

Yani hapo sijaandika neno lolote la kuogofya, hakuna damu wala kucha, lakini watoto niliowasomea walipiga kelele na kucheka kwa pamoja. Damu iache. Damu mtoto kaiona goti lilipochubuka, anaijua na anajua inakauka. Kisichokauka ni kitu kidogo kisicho mahali pake.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni Kiswahili chenyewe. Watu wanadhani lugha ni chombo tu cha kubebea hadithi, wakati lugha yetu hii inaweza kutisha yenyewe. Chukua kitenzi kula. Nitakula ni mimi nitakula chakula, na nitakula ni mimi nitakula wewe, neno ni lile lile, herufi kwa herufi. Kwahiyo watoto wako mkekani na sahani ya wali na maharage, mpangaji anapita, Kassimu kafundishwa mtu akipita mnakula umkaribishe, anasema karibu tule anko. Na mpangaji anatabasamu anasema, "Asante, nitakula kesho." Nyamaza hapo, usieleze kitu. Mtoto wa miaka sita anaipita hiyo sentensi, wa miaka tisa anasimama, anarudi nyuma, macho yanamtoka, na yeye ndiye atakayemweleza mdogo wake. Ukiieleza wewe umemnyang'anya.

Kingine ni ngeli. Mtu anakwenda na a, zimwi linakwenda na li. Mpangaji wangu sura nne nzima ni alikuja, akasalimia, akalipa, akacheka, msomaji anamzoea kama mtu. Mwisho wa sura ya nne anaingia chumbani kwake peke yake na ninaandika hivi: Akafunga mlango. Akawasha taa. Akavua kofia. Likapumua.

Silabi moja tu imebadilika na nyumba yote imekuwa baridi. Lakini mgeuko huo wa ghafla ufanye mara moja tu kwa kitabu kizima, ukirudia inakuwa mchezo. Na baada ya pale rudi kwenye a mbele za watu na li akiwa peke yake, mtoto atafuata mwenyewe bila kuambiwa. Kuna rafiki yangu mwalimu aliniambia ngeli hazijawahi kuwasisimua wanafunzi wake, nikampa huo ukurasa awasomee, wakabishana kipindi kizima kama huyo ni a au li.

Tanakali za sauti nazo usiziache, giza totoro, kimya jii, kalala fofofo, kadumbukia majini chubwi, zinabeba hofu na kicheko pamoja na zinapendeza mdomoni unaposoma kwa sauti. Na ile ka ya kusimulia, likaja likaketi likanusa likasema, inatembea kama nyayo kwenye korido, ila ukiona umeziweka ka nane mfululizo ivunje, weka sentensi ndefu ya kupumzika.

Kwanini wakubwa hawaamini? Hapa hadithi nyingi za watoto zinaanguka. Mwandishi anawafanya wakubwa wajinga tu, na mtoto anajua mama yake si mjinga. Wape wakubwa sababu. Mpangaji wangu kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tena hajaomba apunguziwe. Akikuta umeme umeisha ananunua yeye, anatoa simu analipia LUKU bila kuuliza nani kawasha pasi. Choo cha uani anaosha zamu yake na zamu ya wenzake. Sasa Zuhura anakwenda kwa mama mwenye nyumba anamwambia yule anko ni zimwi, mama mwenye nyumba anamwangalia anamwambia mwanangu, hata kama ni zimwi, wapangaji wa namna hii hawapatikani. Hiyo ndo sentensi inayowachekesha sana wazazi wanaosoma na watoto wao, na ndo inayomwogopesha sana mtoto, maana kagundua yuko peke yake na kila mtu ana sababu nzuri.

Kupandisha hofu ngazi kwa ngazi, nenda kajifunze kwa wazee. Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 ngano za Kiswahili alizozipata Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Paka wa sultani, ambaye ndiye atakayekuja kuwa nunda, anaanza kula ndama, watu wanashitaki, sultani anasema paka wangu na ndama wangu, anakula mbuzi, jibu ni lile lile, anaendelea kupanda mpaka watu, na sultani haamini mpaka wanawe wenyewe wanapoliwa. Alafu mtoto wa mwisho anatoka kwenda kumwinda huyo nunda bila kumjua, anaua mbwa anamburuta mpaka kwa mama yake, mama, nimempata, mama anamwambia siye huyo mwanangu. Anarudi porini, analeta punda milia, siye, twiga, siye, kifaru, siye, tembo, siye. Unaona ilivyosukwa? Kila mara jibu ni lile lile na mnyama ni mkubwa zaidi, mtoto anacheka kwa sababu anajua jibu linalokuja na anaogopa kwa sababu kama tembo siye, basi nunda mwenyewe yukoje. Hicho ni kitu cha zaidi ya miaka 150 na bado ukikisimulia leo kinafanya kazi.

Mimi nimepanda hivi. Kwanza zimwi linakula nusu ya jogoo, yani sauti, asubuhi jogoo anapanda ukutani anafumbua mdomo na hakuna kinachotoka, nyumba nzima inachelewa shule na kazi. Watoto wanacheka sana hapo. Pili linakula nusu ya kivuli cha muuza maji, mkokoteni wake una kivuli chote na yeye ana kivuli cha miguu tu. Wanacheka kidogo. Tatu Kassimu anasahau, anajibu karibu, na asubuhi mama yao anaita, "Simu! Njoo unywe chai!" Kila mtu anapapasa mfuko. Zuhura peke yake ndiye anayekumbuka kwamba mdogo wake alikuwa anaitwa Kassimu. Zimwi limekula nusu ya jina. Hapo kicheko kinaanza alafu kinakatika katikati, na ukikisikia kikikatika ujue umefika.

Kuna jambo nataka niliseme kwa uzito wote. Zimwi lako lisifanane na mtu anayeishi mtaani kwa msomaji. Usimfanye zimwi kuwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ni moshi wa miaka mingi ya kupikia jikoni. Usimpe zimwi ngozi ya mwenye ualbino, tunajua watu hao wamefanyiwa nini Tanzania na nchi jirani, watoto wakiwemo. Usimpe ulemavu, kigugumizi, wala kabila. Mtoto akifunga kitabu chako kesho yake anakutana na bibi wa jirani anaenda dukani, na vile atakavyomwangalia ni kazi ya mkono wako. Ndo maana mpangaji wangu nimemfanya kijana nadhifu, mwenye hela, anayependwa na kila mtu, kijana wa namna hiyo hakuna anayemrushia mawe, na mtoto anajifunza kuangalia matendo ya mtu, haangalii sura.

Na usitishe kwa vitu ambavyo mtoto hawezi kuviacha kitabuni. Ugonjwa wa mama, baba kupotea moja kwa moja, hivyo vinaweza kuwemo ila visiwe ndo kitisho chenyewe cha kuchezea. Muulize mtoto unayemwandikia anaogopa nini. Mimi nilimuuliza mpwa wangu nikitegemea aniambie majini, akaniambia anaogopa pale kati ya mlango wa nyuma na choo cha uani usiku, si chooni wala ndani, pale kati, hatua kumi na nne, kazihesabu. Hizo hatua kumi na nne nimeziweka kitabuni zote, moja moja.

Vipimo vya kawaida nitavipitisha haraka. Kwa wasomaji wa miaka minane mpaka kumi na mbili lenga maneno kama 25,000 hivi, Kiswahili kinabana mambo, hatutamkaribisha ni neno moja, kwahiyo usihangaike kufikia idadi za vitabu vya Kiingereza. Sura iwe maneno 1,000 au 1,200, ya kusomwa kwa sauti mara moja kabla ya kulala. Malizia sura pale mtoto atakapoomba moja zaidi, lakini si kila sura, mpe na sura ya kulala vizuri, hasa baada ya ile ya jina. Kama unapenda mwanzo wa kimapokeo tumia paukwa pakawa, mtoto akishajibu pakawa amekubali kwamba huu ni uongo wa pamoja, na kwa hadithi ya kutisha ule mlango unamsaidia kutoka akizidiwa. Mimi huwa nawaambia kabisa, ukiogopa sana sema pakawa na mi nitafunga kitabu.

Mwisho. Mtoto ashinde mwenyewe, na ashinde kwa sheria zile zile ulizozitaja mwanzo, usilete mganga, usilete polisi, usilete ndoto. Kwenye yangu Zuhura anawaza hivi: linayemjua halimmalizi, je, lisiyemjua? Linammaliza. Na nani halijawahi kujuana naye? Kinywa cha mbele na cha nyuma havijawahi kuonana, kimoja kinaangalia huku na kingine kule maisha yao yote. Kwahiyo usiku wa mwisho anasimama nyuma ya mpangaji, anaivuta ile kofia na kukinong'oneza kile kinywa cha nyuma kwamba hapo mbele yako kuna mnene mmoja humjui. Na pale pale Kassimu, kwa adabu zake, anataka kuwatambulisha. "Anko, huyu ni..." Zuhura anamziba mdomo. Linaanza na bega. Linasema tamu. Kinywa cha mbele kinaomba samahani kwa usumbufu mpaka sekunde ya mwisho, na kwa vile halijijui, linajimaliza, inabaki kofia sakafuni inazunguka, inazunguka, tuli.

Lakini kilicholiwa usikirudishe chote. Nilijaribu kuandika mwisho ambao jogoo anawika, muuza maji anapata kivuli chake na jina linarudi, nikawasomea watoto watano sebuleni, wakasema nzuri wakaenda kucheza. Wiki iliyofuata nikawasomea mwisho mwingine. Jogoo anawika, sawa, kivuli kimerudi japo kimekuwa kifupi kidogo, ila mama bado anaita Simu, shuleni anaitwa Simu, kwenye daftari imeandikwa Simu. Na kila usiku taa ikizimwa Zuhura anamsogelea sikioni anamnong'oneza jina lake lote, Kassimu, ili pawe na mtu mmoja anayelijua. Hakuna aliyeondoka. Mpwa wangu alikaa kimya, kisha akaniuliza kama na yeye jina lake nalijua lote, nikamtajia, la kwake, la baba yake na la babu yake, akanyanyuka akaenda uani mwenyewe bila tochi, na nikamsikia anahesabu hatua.